Je, Armstrong alikosea neno kule mwezini?

Kuko neno moja dogo sana ambalo limesumbua wenye elimu zaidi ya miaka 50. Ni herufi moja tu: «a». Nalo lilisemwa, ao halikusemwa, juu ya mwezi.

Tukumbuke mambo yenyewe. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 21 Julai 1969. Hapa kwetu Lubumbashi saa kumi na moja ya asubuhi ilikuwa karibu kufika, saa ile wenye zamu ya mapema wanaamka. Kule Marekani ilikuwa ingali Jumapili usiku. Neil Armstrong, mkubwa wa safari ya Apollo 11, alishuka ngazi, akatia mguu wa kushoto katika vumbi ya mwezi. Halafu akasema maneno ambayo kwa luga yetu ni hivi: «Hii ni hatua ndogo kwa mtu, ni mruko mkubwa kwa wanadamu.»

Shida iko wapi basi? Iko katika Kingereza. «Man» ikiwa na «a» mbele yake, ni mtu mmoja. Bila «a», katika sentensi kama hii, maana yake ni watu wote. Na mwenye kusikiliza kanda ya siku ile hasikii «a» vizuri. Basi ni kama alisema: hatua ndogo kwa watu wote, mruko mkubwa kwa watu wote. Maneno yanapigana! Sisi tunasema muntu ao bantu, na mambo imekwisha. Kifaransa nacho kilifuata njia ile ile: tumezoea «un petit pas pour l'homme», wakati Armstrong alitaka kusema «pour un homme».

Mwenyewe alisema nini? Alisema kwamba alikusudia kutia «a», na alifikiri aliitamka. Kisha kusikiliza kanda, akakubali kwamba hata yeye haisikii. Akapenda watu waiandike kati ya vifungo.

Wenye elimu hawakunyamaza. Katika 2006, Mwaustralia Peter Shann Ford alipima sauti ile kwa ordinateri, akasema «a» iko, lakini ilipita upesi sana kwa masikio. Wengine wakapima, wakasema hakuna kitu. Katika 2013, watafiti wa Marekani walisikiliza usemi wa watu wa Ohio, jimbo alipozaliwa Armstrong. Wakaona kwamba watu wa kule wanameza «a» mara mingi wakisema upesi. Kwa hiyo inawezekana aliisema, na pia inawezekana aliisahau. Ndugu yake Dean naye, kisha Armstrong kufa katika 2012, alisimulia kwamba alionyeshwa sentensi ile kwenye karatasi mbele ya safari, na «a» ndani yake. Lakini Armstrong alikuwa akisema siku zote kwamba aliitunga kisha kufika mwezini. Basi hapo tena kuko mabishano.

Wale wanaofanya kazi chini ya ardhi hawatacheka mambo hii. Wanajua namna sauti inavyokatika katika simu, mashini ikipiga kelele. Kati ya «washa» na «usiwashe» kuko kipande kidogo tu, na kipande kile kinaweza kuua mtu. Njo maana mfanyakazi mwenye akili anarudisha neno alilosikia, mpaka mwenzake amwitikie: ndiyo, ni vile. Armstrong alikuwa mbali kilometa karibu 384 000, anasema ndani ya kofia, na hakuna aliyemuuliza: «Bwana, rudia!»

Maoni yetu ni haya. Juu ya nia yake hatuna shaka, maana sentensi yenyewe inaitaka ile «a». Juu ya sauti, tusimpe mtu haki ambayo kanda haimpi. Kanda ibaki sawa ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na vifungo alivyopenda mwenyewe vibaki katika vitabu. Vinasema kweli zote mbili: alilotaka kusema, na tulilosikia.

Na watoto wakiuliza nyumbani, tusiwaambie tu kwamba alikosea. Tuwaeleze vile ilivyokuwa, halafu wasikilize wenyewe.