SANDUKU LA MAFICHONI: MCHEZO WA KUTAFUTA HAZINA KWA VIDOKEZO

Kitendawili! Nafichwa ili nitafutwe, nikipatikana narudishwa nilikokuwa. Mwafikiri? Mwashindwa? Basi nipeni mji. Nipeni Mombasa nzima, kisiwa na bara zake zote, manake jibu lenyewe lataka nafasi. Nimekwenda Mombasa, nikala mahamri na mbaazi, nikashiba. Jibu ni sanduku la mafichoni.

Najua wengi watauliza, "Hilo nalo ni dudu gani?" Katika makala haya nitaeleza mchezo huu ulitoka wapi, huchezwa vipi, na kwa nini naona watufaa sisi wanafunzi wa kutwa tukaao Likoni, Kisauni na Changamwe.

Mchezo wenyewe

Mtu huchukua kisanduku kisichoingia maji, akatia ndani vitu viwili tu: muhuri na kijitabu. Hukificha mahali, kisha huandika vidokezo vya kukifikia. Anayetafuta naye hubeba daftari lake, muhuri wake na wino. Akikipata, hupiga muhuri wa sandukuni katika daftari lake, akapiga muhuri wake katika kijitabu cha sandukuni na kuandika tarehe. Halafu hukirudisha palepale, kikafunikwa vilevile. Hakuna kuchukua kitu, hata kalamu. Hazina ni ile alama iliyo daftarini, pamoja na safari uliyokwenda.

Ulikotoka

Mchezo huu ulianzia Uingereza, katika nyika iitwayo Dartmoor, jimbo la Devon. Mwaka wa 1854, James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni kutoka kijiji cha Chagford, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool. Pahali penyewe pako ndani kabisa ya nyika, na wakati huo kufika kwake kulikuwa ni kwa mwendo mrefu wa tope na upepo. Mgeni aliyefika alitia kadi yenye jina lake ndani ya chupa, ionekane kwamba naye alifika.

Baadaye wageni wakaanza kuacha kadi za posta zenye anwani. Atakayefuata huzichukua akazitia posta kwa niaba ya wenziwe. Ndiyo maana Waingereza wakauita mchezo huu kwa jina la sanduku la barua. Mwaka wa 1938 kisanduku kingine kiliwekwa Ducks' Pool kwa ukumbusho wa William Crossing, mwandishi aliyeandika sana habari za Dartmoor. Leo visanduku katika nyika ile ni maelfu, na aliyepata 100 huweza kujiunga na chama cha waliofikisha idadi hiyo.

Huko Marekani mchezo ulienea baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwezi wa Aprili 1998. Miaka miwili baadaye alizaliwa nduguye mdogo. Mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani iliacha kuvuruga ishara za setilaiti zinazomwonyesha mtu mahali alipo. Tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akawatangazia watu nambari za mahali ilipo. Tangu hapo wapo watafutao kwa chombo cha setilaiti au simu. Mimi naupenda ule wa zamani, kwa sababu hauhitaji simu. Wahitaji miguu, macho na akili.

Je, hapa Kenya?

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu wa mbali tu. Skauti wamekuwako Kenya tangu 1910, na skauti yeyote wa shule hii atakwambia kuhusu alama za njiani: mawe yaliyopangwa, vijiti vilivyolazwa, nyasi zilizofungwa fundo. Alama hizo humwongoza anayefuata nyuma bila ya kuambiwa neno. Huo ni mchezo wa vidokezo pia.

Mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikaa Nyeri miaka yake ya mwisho, akafariki tarehe 8 Januari 1941, na amezikwa hukohuko. Juu ya kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa lugha ya alama za skauti, maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Asiyejua alama ataona duara tu. Ajuaye atasoma barua nzima.

Kutengeneza muhuri

Mwaka jana chama chetu cha Kiswahili kiliamua kuujaribu mchezo huu. Hatukuwa na pesa za kununua mihuri, basi tukatumia ndara kuukuu. Ukitembea ufuoni hutakosa ndara moja iliyotupwa na bahari, mwenziwe haonekani. Ioshe, ikaushe, kata kipande kama kiberiti, chora picha kwa kalamu, kisha chonga kwa wembe ukiondoa pasipotakiwa. Pale palipobaki juu ndipo patakaposhika wino.

Jambo la kukumbuka ni kwamba muhuri hugeuza kila kitu kama kioo. Ukitaka karatasi isome MAMA, chonga AMAM. Hapo una bahati, kwa vile M na A hazibadiliki zikigeuzwa. Lakini ukitaka KISAUNI, lazima K, S na N uzichonge kinyume. Njia rahisi ni kuandika kwenye karatasi nyembamba, uigeuze, uiweke juani au dirishani, kisha ufuate mistari ionekanayo upande wa pili.

Kujua njia bila dira

Dira ni ghali, lakini Mombasa ina dira za bure. Ya kwanza ni jua, ambalo hutoka upande wa baharini. Ya pili ni kibla. Makkah iko karibu sawasawa kaskazini mwa Mombasa, kwa hivyo mihrabu ya msikiti wowote mtaani kwenu huelekea kaskazini. Hata asiye Mwislamu, akijua hilo hapotei. Ya tatu ni kivuli cha adhuhuri. Mwezi wa Juni jua huwa kaskazini yetu, hivyo kivuli huanguka kusini. Mwezi wa Desemba mambo huwa kinyume.

Hatua nazo zina hesabu yake. Pima mita 100 uwanjani, utembee kama kawaida na uhesabu. Mimi hupata hatua 140. Mwenzangu wa kidato cha kwanza hupata 160. Kidokezo kikisema "hatua 210", mimi nitakwenda mita 150, yeye ataishia mita 131 na kidogo. Tofauti ni karibu mita 19, na ndani ya mita 19 za mtaa wetu mna nyumba, kibanda cha viazi karai na mbuzi wawili! Kwa hivyo andika mita, kila mtu ajibadilishie kwa miguu yake.

Kutega vidokezo

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia kwa mguu wa kulia. Kidokezo kizuri hakitaji mahali. Hufumba kama kitendawili, ila aliye mwerevu afumbue. Mfano ni huu tuliouanzia upande wa Kisauni:

"Anza kwa bubu aliyewahi kuonya watu kwa sauti yake. Waliokatwa minyororo walimsikiliza. Leo magari yampigia honi, naye hajibu."

Jibu ni ile kengele ya Frere Town. Wengi wetu hupita hapo kila asubuhi, utingo akiita "Kengeleni! Kengeleni!", wala hatujiulizi kengele gani. Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 na wamishenari wa Kianglikana iwe makao ya watumwa waliookolewa, ikapewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele hiyo ilipigwa kuwaonya wakaazi hatari inapokaribia. Baada ya kutegwa kidokezo hicho, kuna mwanachama aliyekwenda kumwuliza babu yake, na babu akazungumza hadi saa nne za usiku. Somo hilo la historia halikuhitaji ubao.

Sehemu iliyobaki ya kidokezo hicho siitoi hapa. Anayetaka aje chamani.

Pasipofichwa kitu

Mchezo una adabu zake, na huku kwetu adabu hizo ni za lazima.

Kwanza, usifiche karibu na kivuko cha Likoni, bandari, uwanja wa ndege, daraja wala kituo cha polisi. Tangu mlipuko wa Nairobi wa Agosti 1998 na ule wa Kikambala wa Novemba 2002, mzigo usio na mwenyewe huwatia watu hofu, na wana haki. Tumia kisanduku kinachoonyesha vilivyo ndani, uandike juu yake kwa herufi kubwa: MCHEZO WA WANAFUNZI, TAFADHALI KIACHE HAPA.

Pili, jihadhari na bahari. Maji ya bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi. Pango lililo kavu leo huenda likawa kisima wiki ijayo. Usimpeleke mwenzio pahali ambapo maji yatamfungia njia ya kurudi.

Tatu, usiguse makaburi, magofu wala kaya. Misitu ya kaya za Wamijikenda ni mahali patakatifu, na mwaka wa 2008 iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Magofu nayo yanalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Kidokezo chaweza kuanzia hapo, lakini sanduku likae mbali.

Nne, omba ruhusa. Hebu fikiria mama anatoka alfajiri na kuona watoto wa watu wanafukia kitu chini ya mbuyu. Atasema nini? Atasema uchawi, na mtaa mzima utasema pamoja naye. Sisi tulikwenda kwanza kwa mzee wa mtaa, tukamwonyesha muhuri, tukampigia alama kwenye kiganja. Alicheka, akatuonyesha pahali pazuri kuliko tulipopachagua.

Faida yake

Mwenye kusema huu ni uzururaji namwambia asubiri kidogo. Kidokezo kimoja cha upande wa Likoni tulikipitisha katika kichochoro cha kwenda baharini, ambacho wavuvi na akina mama wauza samaki walikitumia miaka mingi. Muhula uliofuata, watafutaji walirudi na daftari tupu. Kichochoro kilikuwa kimepigwa ukuta wa matofali, na wavuvi sasa wazunguka mbali wakiwa na samaki kichwani.

Tulimwuliza mwalimu, akatufungulia Katiba ya 2010, kifungu cha 62. Ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa ni ardhi ya umma. Basi pwani ni yetu sote. Lakini pwani ni yako kwa faida gani, kama huna mlango wa kuingilia?

Katika daftari za wanachama wetu kuna tarehe, mihuri na maelezo ya njia hiyo jinsi ilivyokuwa, hatua kwa hatua. Tulizinakili na kumpa mzee wa mtaa, naye akazichukua kwenye baraza ya chifu. Neno bado halijakatwa. Hata hivyo, pale barazani aliposema mtu kwamba hapajawahi kuwa na njia, mzee alifungua daftari la mtoto wa kidato cha pili akaisoma: "Kutoka kwenye mkwaju, mita 60 kuelekea jua litokako, hadi mchanga uanzapo."

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, kila mmoja wetu atokaye Mtongwe, Mishomoroni, Magongo au Mikindani ana vichochoro avijuavyo yeye kuliko ramani yoyote. Viandikeni kwa mafumbo, vitembeeni, vipigieni mihuri. Chama hukutana kila Jumatano baada ya masomo. Njoo na ndara moja kuukuu na wembe uliofungwa vizuri kwenye karatasi. Wino tutakugawia.