Cha juu au kamisheni: hesabu ya haki ya kuuza mzigo wa mwingine mtandaoni

Kamisheni ni ujira wa kuuza mali isiyo yako. Mali hubaki ya mwenyewe mpaka mnunuzi atakapolipa, na muuzaji halipwi kwa saa alizotumia bali kwa kazi iliyokamilika. Ndivyo wanavyoishi mawinga wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambao walizoea kumdaka mteja njiani na sasa wengi wao humdaka kwa picha za Instagram na status za WhatsApp. Duka si lao na mzigo si wao. Mtaji wao ni simu, bando na watu wanaowaamini.

Mapatano ya kazi hiyo huwa ya namna tatu, na ugomvi mwingi huzuka pale zinapochanganywa. Ya kwanza ni kamisheni yenyewe: mwenye mali hupanga bei, winga huuza kwa bei hiyo, kisha hupewa asilimia au kiasi walichokubaliana. Ya pili ni cha juu: mwenye mali hutaja fedha anayoitaka mkononi, na chochote kinachozidi ni cha winga. Ya tatu ni mali kauli: winga huchukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza.

Cha juu si jambo lililoletwa na simu. Katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Bukhari, kwenye mlango unaohusu ujira wa dalali, imetajwa rai ya sahaba Ibn Abbas kwamba hakuna ubaya mtu kuambiwa auze nguo kwa bei fulani na kinachozidi kiwe chake. Imam Ahmad bin Hanbal alilikubali hilo, lakini wanazuoni wengi wa madhehebu mengine walilikataa kwa sababu ujira unapaswa kujulikana kabla ya kazi kuanza. Hoja hiyo bado ina uzito. Mawinga watano wakipewa gauni moja kwa bei ya mkononi ya shilingi 25,000, mmoja anaweza kuliuza 30,000 na mwingine 45,000, wote wakitumia picha ileile. Mtaani wateja wawili wasingekutana. Mtandaoni mmoja huziona bei zote mbili kwa dakika moja, na anayeharibikiwa jina ni mwenye gauni. Kwa hiyo wanaotumia cha juu hufanya vyema kuweka pia bei ya mwisho ambayo winga haruhusiwi kuivuka.

Asilimia ya nini?

Asilimia isiyotajwa ni ya kitu gani haina maana. Asilimia 20 juu ya bei ya mkononi ya 25,000 ni shilingi 5,000, na gauni linauzwa 30,000. Asilimia 20 ya bei ya kuuzia ya 30,000 ni shilingi 6,000, na mwenye mali anabakiwa na 24,000. Tofauti ni shilingi 1,000 kwa gauni, yaani 50,000 kwa magauni 50, ilhali kila upande unaamini umetimiza ahadi. Utaratibu ulio wazi zaidi ni kuhesabu kamisheni kwenye bei aliyolipa mnunuzi, bila kuingiza nauli ya bodaboda au gharama ya kutuma mzigo mkoani.

Kiwango cha chini: gharama ya winga

Kiwango cha haki huanzia kwenye gharama za anayeuza, na humo mna gharama ambayo wengi huisahau, ile ya vitu visivyouzika. Tuseme winga amepewa magauni 20. Kupiga picha, kuandika maelezo na kuposti kila gauni kunamgharimu muda na bando vyenye thamani ya shilingi 1,500, liuzwe lisiuzwe. Jumla ni 30,000. Yakiuzwa 14, kila lililouzwa linaongeza shilingi 3,000 za kujibu maswali, kupatana bei, kufungasha na makato ya kutuma fedha. Jumla ni 42,000. Gharama yote ni 72,000, na ikigawanywa kwa magauni 14 yaliyouzwa, kila moja limebeba takriban shilingi 5,140. Kwa gauni la 30,000 hiyo ni asilimia 17. Akilipwa asilimia 10 anamfanyia mwenye mali kazi kwa hasara. Akilipwa asilimia 20 anabakiwa na shilingi 860 hivi kwa kila gauni.

Shilingi 5,140 hizohizo zikipelekwa kwenye bidhaa nyingine huzaa jibu jingine. Kwa hereni za 5,000 zinameza bei yote, kwa hiyo hereni haziwezi kuuzwa moja moja kwa kamisheni. Huuzwa kwa dazeni, au winga huziongeza kwenye oda ya kitu kingine. Kwa simu ya 600,000 hazifiki hata asilimia moja. Hata hivyo anayeuza simu hujibu maswali mengi zaidi, humngoja mteja aijaribu, na hubeba hatari ya kuonyeshwa ujumbe wa malipo wa kughushi. Ndiyo maana asilimia ileile kwa bidhaa zote haiwezi kuwa haki: humwonea winga kwenye vitu vya bei ndogo na kumwonea mwenye mali kwenye vitu vya bei kubwa.

Kiwango cha juu: faida ya mwenye mali

Upande wa pili wa hesabu ni faida ya mwenye mali. Simu iliyonunuliwa jumla kwa 540,000 na kuuzwa 600,000 ina faida ya 60,000 tu. Kamisheni ya asilimia 10 ingeimaliza yote. Nguo ya mtumba iliyochaguliwa vizuri, au pochi ya kushonwa kwa mkono, inaweza kuwa na faida inayozidi nusu ya bei, na hapo asilimia 25 haimuumizi mtu. Kiwango cha haki hukaa kati ya mipaka hiyo miwili: juu ya gharama ya winga, chini ya faida ya mwenye mali. Pasipo na nafasi kati yake, bidhaa hiyo haifai kuuzwa kwa kamisheni.

Kwa mzigo wenye bei mbalimbali, viwango hushushwa kadiri bei inavyopanda. Hapo kuna mtego. Ikiandikwa kwamba kamisheni ni asilimia 20 mpaka bei ya 100,000 na asilimia 10 kwa bei inayozidi, winga atapata 20,000 kwa kuuza kabati kwa 100,000, lakini 11,000 tu akiliuza kwa 110,000. Hakuna winga atakayehangaika kupandisha bei kwa hasara yake. Mtego huo huondoka viwango vikihesabiwa kwa mafungu: asilimia 20 ya 100,000 za kwanza, na asilimia 10 ya kinachozidi. Kabati la 110,000 sasa litamlipa 21,000, na kila shilingi inayoongezeka ina manufaa kwa wote wawili.

Kazi iliyofanywa ndiyo inayoeleza kwa nini viwango vya duniani hutofautiana sana. Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono, hutoza asilimia 6.5 tangu Aprili 2022, pamoja na ada nyingine ndogo. Huko muuzaji hupiga picha, hujibu na hutuma mwenyewe. Majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani kwa kawaida huchukua karibu nusu ya bei ya mchoro, lakini hulipa pango, huandaa maonyesho na huwatafuta wanunuzi. Winga anayerusha picha aliyotumiwa tayari yuko karibu na Etsy. Anayehifadhi mzigo, kuupiga picha, kuupeleka na kupokea malalamiko anakaribia jumba la sanaa.

Yanayopaswa kuandikwa

Baada ya kiwango hubaki masharti. Inafaa ijulikane ni nani anabeba punguzo mteja akiomba apunguziwe, winga anaruhusiwa kushuka mpaka bei gani, na nani anabeba makato ya miamala. Ijulikane pia mzigo utakaa mikononi mwa winga kwa siku ngapi. Bidhaa ikirudishwa kwa ubovu wake, kosa si la winga, na ni haki alipwe walau gharama zake. Ikirudishwa kwa sababu alieleza uongo, kamisheni inaondoka.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, inamhesabu anayeuza kwa niaba ya mwingine kuwa wakala. Wakala anapaswa kutoa hesabu anapotakiwa. Kama hakuna makubaliano mengine, ujira wake haudaiwi mpaka kazi ikamilike. Akijifanyia biashara yake kwa siri ndani ya kazi aliyotumwa, mwenye mali anaweza kuidai faida hiyo. Kwa hiyo cha juu kilichokubaliwa ni ujira halali, na cha juu kilichofichwa na mtu aliyekubali kamisheni ni deni.

Upotevu nao una kanuni yake. Aliyekabidhiwa mali hutakiwa kuitunza kama mtu makini anavyotunza yake, na akifanya hivyo hawajibiki kwa janga lisilo kosa lake. Moto uliounguza soko la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021 ulionyesha jinsi bidhaa zinavyoweza kuteketea kwa saa chache. Kwa mali kauli ni muhimu zaidi kuandika mapema hasara ya namna hiyo ni ya nani, kwa sababu wengine huiona kama amana na wengine kama mkopo.

Wahenga wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kamisheni linahitaji safu sita: bidhaa, tarehe ya kupokelewa, bei iliyopangwa, bei iliyouzwa, makato, na fedha aliyokabidhiwa mwenye mali. Baada ya miezi mitatu safu hizo huonyesha ni vitu vingapi kati ya 20 vinauzika kweli, na kiwango kilichokadiriwa mwanzoni hupangwa upya kwa hesabu halisi.