Taa ya Injini Isiyozimika: Msimbo Hutaja Dalili, Hautaji Spea

Wenye magari ya dizeli yaliyotumika wanaijua hadithi hii. Taa ya njano yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi. Fundi anachomeka mashine, anasoma msimbo, anaufuta, na taa inazimika. Siku chache zikipita, inawaka tena. Inabadilishwa sensa, taa inatulia, kisha inarudi. Inabadilishwa vali, mambo ni yaleyale. Pesa zinapokaribia kwisha, anatokea mtu wa kushauri kwamba taa izimwe kwa kompyuta, au kifaa kinachoisumbua king'olewe kabisa. Ushauri huo ndio mbaya kuliko yote. Ili tuone ubaya wake, tuanze na chanzo cha taa yenyewe na namna kompyuta inavyoamua kuiwasha.

Chanzo chake ni ugunduzi wa kemia. Katika miaka ya 1940, jiji la Los Angeles nchini Marekani lilianza kufunikwa na ukungu wa kahawia uliowasha macho na kukereketa koo. Siku moja ya Julai 1943 ulikuwa mzito kiasi kwamba baadhi ya wakazi, kwa kuwa vita vilikuwa vinaendelea, walidhani wameshambuliwa kwa gesi. Wengi walivilaumu viwanda. Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa katika chuo cha Caltech akichunguza kinacholipa nanasi ladha yake. Vifaa alivyotumia kunasa harufu ya tunda akavielekeza kwenye hewa ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba hidrokaboni na oksidi za nitrojeni, zikiwemo zile zinazotoka kwenye magari, zikipigwa na jua huzalisha ozoni, gesi inayochoma mapafu na kupasua hata mpira.

Ugunduzi huo ulizaa sheria. California iliunda bodi ya kusimamia usafi wa hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Bodi hiyo ndiyo iliyotaka magari ya kuanzia mwaka 1988 yajichunguze yenyewe na kumwashia dereva taa. Kufikia mwaka 1996, magari madogo mapya ya Marekani yalipaswa kuwa na mfumo wa kujichunguza uitwao OBD-II, wenye soketi ya pini 16, ileile ambayo fundi huitafuta chini ya usukani. Ulaya ililazimisha mfumo kama huo kwa magari madogo mapya ya dizeli mwaka 2004. Kwa hiyo taa hii iliwekwa hasa kutoa habari moja: gari lako huenda linachafua hewa kupita kiwango kilichowekwa. Gari linaweza kukimbia vizuri, mafuta yasiongezeke, na taa ikawa inasema kweli.

Lakini kompyuta inajuaje? Magari mengi ya zamani hayana kifaa cha kupima moshi wote unaotoka kwenye eksozi. Kompyuta hukisia kwa kulinganisha vipimo vichache: kiasi cha hewa inayoingia, presha, joto, mafuta yaliyonyunyizwa. Vipimo visipoafikiana na hesabu zake, inatilia shaka. Kwa makosa mengi haiwashi taa papo hapo. Husubiri kosa lijirudie katika safari ya pili. Ndiyo maana msimbo ukifutwa, taa hukaa kimya kwa muda kisha ikarudi. Ugonjwa ulikuwapo muda wote, ila kompyuta ilikuwa ikiuhakikisha upya.

Pia msimbo unapoandikwa, kompyuta huhifadhi hali ya gari ya wakati ule: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo wa injini. Kosa lililotokea injini ikiwa baridi barabarani Kariakoo si sawa na lililotokea gari likipanda mlima na abiria saba. Fundi anayefuta msimbo kabla ya kunakili habari hizo ameharibu ushahidi alioletewa bure.

Injini ya dizeli nayo ina shida yake ya asili. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa sana, na joto likipanda mno, nitrojeni na oksijeni za hewani huungana na kuwa oksidi za nitrojeni. Wahandisi walipunguza joto hilo kwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini kupitia vali iitwayo EGR. Moshi huo hauna oksijeni nyingi, hivyo moto unapoa. Ila moto uliopoa huacha masizi zaidi, na ndipo likaongezwa chujio la kuyanasa, DPF, ambalo Peugeot waliliweka kwenye modeli ya 607 mwaka 2000 na ambalo leo limo katika dizeli nyingi zinazoletwa kutoka Japani na Ulaya. Ukipunguza uchafu mmoja, mwingine huongezeka. Vifaa hivi hutegemeana, na kimoja kikiugua kinaweza kumfanya mwenzake alaumiwe.

Chukua msimbo P0401, unaosema kwamba moshi unaorudishwa kwenye injini hautoshi. Wengi wakiusoma hukimbilia duka la spea kununua vali ya EGR. Tazama jinsi kompyuta nyingi za zamani zinavyofika hapo. Kompyuta imeamuru vali ifunguke. Inajua kwamba moshi ukiingia utachukua nafasi ya hewa safi, kwa hiyo sensa ya hewa inayoingia, MAF, lazima ionyeshe kwamba hewa imepungua. Isipopungua vya kutosha, inaandika P0401. Vali yenyewe haijaiona.

Huenda kweli vali imekwama kwa masizi. Huenda pia vali ni nzima na njia ya moshi ndiyo iliyoziba, au kampira kembamba kanachoivuta vali kamekauka na kupasuka, au panya ametafuna waya. Na huenda mpira mkubwa unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini umechanika. Hapo MAF inahesabu hewa inayovujia nje kabla haijafika kwenye silinda. Kompyuta inaona hewa nyingi kuliko ilivyotarajia na kuhitimisha kwamba moshi uliorudi ni mchache. Wakati huohuo inanyunyiza mafuta ya kulingana na hewa ambayo haipo. Gari linatoa moshi mweusi, linachoka mlimani, masizi yanajaa kwenye chujio, na baadaye unatokea msimbo wa pili, P2463, kwamba chujio limelemewa na masizi. Asiyeonyeshwa mnyororo huu atanunua vali, kisha chujio la bei kubwa, na mpira uliochanika utabaki palepale ukiharibu spea mpya.

Basi upimaji una mpangilio wake. Kwanza andika misimbo yote na habari zilizohifadhiwa nayo. Pili, kagua vya bei nafuu: nguvu ya betri, waya, mipira ya hewa, chujio la hewa. Mpira uliochanika mara nyingi huacha utando wa oili mahali unapovuja, na hutoa mvumo injini ikikanyagiwa mafuta. Tatu, zihoji sensa zenyewe, na hapa elimu ya jiografia inasaidia. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha usome kwenye mashine presha ya njia ya hewa. Kwa kuwa hakuna kinachovutwa, sensa lazima isome presha ya hewa ya mahali ulipo: karibu kilopaskali 101 Dar es Salaam au Mombasa, na karibu 82 au 83 Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Sensa inayosoma 101 ukiwa Nairobi haiaminiki, na maamuzi yanayoitegemea yamepotoka. Vilevile sensa inayopima tofauti ya presha kabla na baada ya DPF inapaswa kusoma sifuri injini ikiwa imezimwa. Isiposoma sifuri, kagua sensa na vijibomba vyake kabla ya kulihukumu chujio. Nne, kwa mashine inayoweza kuamuru, ifungue EGR injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu. Kipimo cha MAF kikishuka waziwazi, vali na njia yake vinafanya kazi, nawe umeokoa pesa ya spea.

Chujio la masizi lina jambo moja zaidi ambalo kila dereva wa mjini anapaswa kulijua. Hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na kazi hiyo huhitaji mwendo wa mfululizo. Gari linaloishi kwenye foleni, safari ya kilomita tatu asubuhi na tatu jioni, hukatizwa kila linapoanza kujisafisha. Dizeli iliyonyunyizwa kwa ajili ya uchomaji huo huweza kuteremka hadi kwenye oili, kina cha oili kikapanda, na ulainishaji wa injini ukapungua. Ukiona kijiti cha oili kinaonyesha zaidi ya ulivyojaza, hiyo ni dalili ya kushughulikiwa mara moja. Safari ndefu kidogo kwenye barabara kuu, kila baada ya muda, ni matengenezo halisi. Epuka tu kuegesha kwenye nyasi kavu wakati eksozi ina moto huo. Oili nayo iwe ile iliyotengenezewa magari yenye DPF, kwa sababu majivu ya oili ya kawaida hayaungui na hubaki kwenye chujio daima.

Sasa turudi kwa anayeshauri chujio ling'olewe na taa izimwe. Gari litaondoka gereji na nguvu, na dashibodi itakuwa safi. Lakini mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi ambayo chujio lilikuwa likiyanasa sasa yanawafikia dereva wa bodaboda aliye nyuma ya eksozi, mama ntilie aliyeweka meza kando ya kituo, na watoto wanaotembea kwenda shule ukingoni mwa barabara. Hawa hawakuulizwa, na hawana taa ya kuwaonya. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa, anayeficha maradhi ni mmoja, na kifo huweza kumpata mwingine.

Gari kuukuu linaweza kutunzwa na mtu wa kipato cha kawaida, na gereji zetu zina mafundi wenye akili na mikono ya kazi hiyo. Wanachokosa mara nyingi ni mteja aliye tayari kulipia saa moja ya kupima badala ya spea ya kubahatisha. Kabla hujatoa pesa ya kununua kifaa chochote, uliza kwa heshima: "Fundi, umepima nini, na kipimo kilisomaje?" Fundi mwenye jibu ataonyesha namba, ataeleza ilipaswa kuwa ngapi, na atakuambia ataipima tena baada ya matengenezo. Mlipe huyo vizuri. Kazi yake inaokoa pesa yako, na inalinda pumzi za watu usiowajua.