Pampu ya petroli: Pima kwanza, nunua baadaye

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa Tunduma, Vwawa na Mlowo wanaosafirisha mazao kwa magari madogo ya petroli hupata hasara mara mbili gari linapozima njiani. Hasara ya kwanza ni ya mzigo, kwani nyanya na mboga hazimsubiri fundi. Ya pili ni fedha inayotumika kununua kifaa kipya wakati cha zamani kilikuwa kizima.

Kifaa kinacholaumiwa mara nyingi ni pampu ya petroli inayoendeshwa kwa umeme. Pampu hiyo imo kwenye magari mengi yaliyoingia nchini yakiwa yametumika Japan, kama Noah, Probox na baadhi ya kirikuu, na hata kwenye magari ya zamani ya michezo kama Toyota Celica. Malori ya mizigo yanayovuka mpaka kwenda Zambia na Kongo hutumia dizeli, na mfumo wake ni tofauti.

Kwa kawaida pampu hukaa ndani ya tanki. Kazi yake ni kusukuma petroli kupitia kwenye chujio hadi kwenye nozeli za injini. Petroli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Kwa sababu hiyo, dereva mwenye mazoea ya kutembea taa ya mafuta ikiwa inawaka huifupishia pampu maisha.

Dalili peke yake hazitoshi

Pampu inapochoka, gari huweza kukosa nguvu likipanda mlima likiwa na mzigo, kwa mfano Senjele. Huweza pia kuzima likipata moto, kisha likawaka tena baada ya kupumzika nusu saa. Wakati mwingine stata huzunguka vizuri lakini injini haiwaki.

Tatizo ni kwamba chujio lililoziba, waya uliolegea, koili mbovu au petroli yenye maji huleta dalili zinazofanana na hizo. Fundi anayesema "pampu imekufa" kabla ya kupima chochote anabahatisha kwa fedha ya mwenye gari.

Hatua za kupima

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Katika magari mengi, swichi ikifunguliwa bila kupiga stata, pampu huvuma kwa sekunde mbili hivi. Lakini Toyota nyingi za zamani haziko hivyo, kwani pampu zake hufanya kazi wakati stata inapigwa au injini inapozunguka tu. Ukimya baada ya kufungua swichi usichukuliwe kuwa ushahidi wa kifo. Mtu mmoja apige stata na mwingine asikilize karibu na tanki.

Hatua ya pili ni fyuzi na rilei. Fyuzi iliyoungua ni ya bei ndogo, ila ikiungua tena ni lazima kutafuta waya unaogusana. Rilei hupimwa kwa kuibadilisha na nyingine ya aina ile ile iliyomo ndani ya gari hilo hilo.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa +B na FP. Swichi ikiwa imefunguliwa, fundi akiyaunganisha matundu hayo kwa waya mfupi, pampu hupata umeme moja kwa moja. Ikivuma hapo, pampu inazunguka, na ubovu utafutwe kwenye rilei, nyaya au kompyuta. Iwapo plagi nazo hazitoi cheche, distribyuta iangaliwe. Kompyuta isipopata taarifa kwamba injini inazunguka, huzima vyote viwili.

Hatua ya tatu ni kupima umeme kwenye soketi ya pampu, ambayo katika magari mengi iko chini ya kiti cha nyuma. Kipimo kichukuliwe pampu ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi. Betri ikiwa na volti 12.6 na kwenye pampu zinafika tisa, kosa si la pampu. Kuna waya uliooza, soketi iliyoungua au ethi yenye kutu. Pampu mpya ikifungwa hapo nayo itazunguka kwa udhaifu, na itaonekana mbovu kama ya kwanza.

Hatua ya nne ni mgandamizo wa petroli, unaopimwa kwa geji. Magari mengi ya nozeli yanahitaji bar 2.5 hadi 3.5. Ya kabureta huhitaji chini ya bar 0.5, hivyo pampu ya gari la nozeli ikifungwa kwenye gari la kabureta, petroli hufurika. Umeme ukiwa kamili na mgandamizo ukiwa mdogo, chujio libadilishwe kwanza na kipimo kirudiwe. Ukibaki mdogo, na kirekebisha mgandamizo kikionekana kizima, hapo pampu ndiyo mshitakiwa.

Petroli chafu

Pampu mpya huweza kufa mapema ikiwa tanki lina kutu na matope. Petroli ya kwenye madumu huja na vumbi na maji, na mnunuzi hana njia ya kujua imechanganywa na nini. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Kununua kwenye kituo na kudai risiti ni kinga nafuu kuliko pampu. Tanki lisafishwe kila pampu inapobadilishwa, na chujio dogo la chini ya pampu liwe jipya.

Usalama

Kabla ya kufungua paipu yoyote, fyuzi ya pampu itolewe na injini iachwe iungurume mpaka izime yenyewe, ili mgandamizo uishe. Kisha waya hasi wa betri ufunguliwe. Kazi ifanyike mahali penye hewa, bila sigara, jiko wala taa ya balbu karibu na tanki. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo sana.

Mwenye gari si lazima awe fundi. Anachotakiwa ni kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Umeme unafika volti ngapi kwenye pampu? Mgandamizo ni bar ngapi? Chujio limebadilishwa lini? Fundi asiye na majibu apewe kwanza muda wa kupima, na orodha ya spea isubiri.