Msaada wa Serikali katika Umeme wa Jua: Mafunzo Kutoka Bangladesh

Koroboi imedumu miaka mingi katika nyumba za Waislamu wa bara Hindi na za pwani yetu ya Afrika Mashariki. Moshi wake hudhuru macho na vifua vya watoto, na fedha za mafuta yake hutoka kila juma bila ya kukoma. Jua nalo hutuangaza mchana kutwa bila ya malipo. Lakini vyombo vya kulikamata na kuliweka hadi usiku vina bei, na maskini hawezi kuitoa yote kwa mara moja. Hapo ndipo watu husema: Serikali na isaidie. Nasi twasema vema, ila yatupasa kujua msaada huo utolewe kwa njia gani, maana msaada uliotolewa ovyo huweza kuharibu kazi iliyokwisha simama.

Ndugu zetu wa Bangladesh wamelijaribu jambo hili kwa kadiri kubwa. Mwaka 2003 shirika la Serikali liitwalo IDCOL, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, lilianza kueneza mitambo midogo ya umeme wa jua vijijini. Lilikusudia kutimiza mitambo 50,000 kufikia mwaka 2008, likaitimiza mwaka 2005. Ilipofika mwaka 2013 mitambo iliyokuwa ikifungwa ilizidi 50,000 kila mwezi. Kwa jumla nyumba zipatazo milioni 4 zilipata taa kwa njia hiyo, na watu waliofaidika walikisiwa kuwa milioni 20.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mwenye nyumba hakupewa mtambo bure. Alitoa sehemu ndogo ya bei kwanza, kisha akalipa iliyobaki kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili au mitatu. Vyama vya vijijini, kama Grameen Shakti na BRAC, ndivyo vilivyouza, vikafunga, vikakusanya malipo na kutengeneza vilivyoharibika. Serikali ilitoa ruzuku ili bei ipungue. Ruzuku hiyo ilianza kwa dola 90 kwa kila mtambo, ikapunguzwa daraja kwa daraja kadiri bei za vyombo zilivyoshuka, hata ikabaki dola 20, nazo kwa mitambo midogo ya maskini tu. Wakaguzi walikwenda majumbani kuhakikisha kuwa mtambo upo na unafanya kazi.

Kisha mambo yakageuka. Serikali ile ile, kwa mpango mwingine wa kusaidia maskini, ilianza kugawa mitambo ya jua bure vijijini. Nyaya za umeme wa kawaida nazo zikaenezwa kwa haraka, hata mwezi wa Machi mwaka 2022 Serikali ikatangaza kuwa umeme umefika nchi nzima. Mtu aliyekuwa akilipa kila mwezi alimwona jirani yake amepewa bila ya senti, naye akauliza: kwa nini mimi nilipe? Wengi wakaacha kulipa. Vyama vilivyokuwa vimekopa fedha ili viwauzie watu vikaelemewa na madeni, na mafundi waliokuwa wakizunguka vijijini wakapungua. Mtambo usio na fundi hauna maisha marefu, kwani betri huchakaa baada ya miaka michache na haina budi kubadilishwa.

Hatusemi kuwa maskini asipewe bure. Fukara asiye na kitu ana haki yake katika mali ya umma. Tunalolikataa ni kuwa mikono miwili ya Serikali moja ifanye kazi bila ya kushauriana, mkono wa kulia ukijenga na wa kushoto ukibomoa. Hasara yake humfikia mwaminifu aliyetimiza ahadi yake, na huyo ndiye aliyestahili kulindwa.

Jambo hili halipo mbali nasi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mpango wa Kenya wa umeme wa jua katika majimbo 14 yaliyokosa huduma, miongoni mwake Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale, Garissa, Wajir na Mandera. Basi wasomaji wetu, khasa vijana wasomao kwa niaba ya wazee wao, mkijiwa na muuzaji mwulizeni: ruzuku ni kiasi gani, na je, imeonekana katika bei? Betri ina dhamana ya miaka mingapi? Fundi yuko wapi? Na betri ikifa, nani ataichukua, kwa kuwa ndani ya nyingi mna risasi na tindikali zenye sumu?

Kadhalika tazameni mkataba wa malipo ya kidogo kidogo. Ikiwa mna nyongeza juu ya deni, mwulizeni mwanachuoni kabla ya kutia sahihi, wala msiogope kutafuta njia ya kulipa taslimu au ya kununua kwa bei moja iliyojulikana. Na mkishakubali, lipeni kwa wakati. Deni ni amana, na fedha anayoirudisha mmoja ndiyo itakayomnunulia taa jirani anayengoja zamu yake.