Mikondo ya Vilindi: Kutoka Ziwa Mweru hadi Bahari Kuu

Kilwa inayotajwa hapa si Kilwa Kisiwani ya wanahistoria, bali ni mji ulio ufukoni mwa Ziwa Mweru, kaskazini ya Lubumbashi. Kina cha Mweru hakifiki mita 30. Kwa hiyo upepo huweza kuyachanganya maji ya juu na ya chini, na oksijeni hushuka pamoja nayo.

Hali ni nyingine kabisa katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470. Humo, chini ya mita 200 hivi, hamna oksijeni wala samaki. Sababu yake ni uzito: maji ya juu hupata joto la jua mwaka mzima, yakawa mepesi, nayo hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta. Ni msimu wa kusi tu, kati ya Mei na Septemba, ambapo upepo huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji yenye rutuba hupanda upande wa kusini. Rutuba hiyo ndiyo ilishayo mimea midogo ya ziwani, na hatimaye ndagala wavuliwao Moba na Kalemie.

Mbona basi bahari kuu, ambayo kina chake cha wastani ni mita 3,700 hivi, ina oksijeni hata vilindini? Ni kwa sababu ya maji yazamayo. Karibu na Greenland na kandokando ya Antaktika, maji ya chumvi hupoa mno. Aidha, barafu ya bahari inapoganda huiacha chumvi nyuma, na maji yaliyobaki huzidi uzito. Huzama na oksijeni yake, kisha husambaa sakafuni mwa Atlantiki, Hindi na Pasifiki. Mzunguko wote hukadiriwa kuchukua miaka 1,000 hivi. Neno "mkondo" lisimpotoshe msomaji: huu si ule aujuao nahodha wa jahazi, kwani aghalabu huenda sentimita chache tu kwa sekunde.

Mwaka 2003 tafiti mbili zilionyesha kuwa ongezeko la joto limepunguza mchanganyiko wa maji ya Tanganyika, na rutuba ifikayo juu imepungua. Kuhusu Atlantiki, jopo la kimataifa la tabianchi lilikadiria mwaka 2021 kuwa mzunguko wake utadhoofika katika karne hii. Barafu ya Greenland inayeyuka na kumimina maji matamu baharini, na maji yaliyopungukiwa chumvi, hata yakipoa, huzama kwa shida.