Magoti Yakipona, Moyo Nao Upimwe

Mtoto wa darasa la tatu anaamka hawezi kukanyaga. Goti la kulia limevimba na lina joto, hata shuka likiligusa analia. Baada ya siku mbili goti limetulia, sasa kinachouma ni kifundo cha mguu wa kushoto, kisha kiwiko. Nyumbani wanasema aliumia kwenye mpira, au ni malaria, au ni mifupa inakua. Anapewa diklofenaki ya duka la dawa, anapata nafuu, anarudi uwanjani. Kumbe homa ya rumatiki ikitoka kwenye viungo kwa kawaida huviacha vizima. Inachoharibu ni vali za moyo, na mara nyingi wakati huo moyo hautoi dalili yoyote.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na huanzia kooni. Bakteria wa streptokokasi kundi A huleta mafindofindo, na watoto wanaolala wengi chumba kimoja huambukizana kirahisi. Koo linapona, kisha wiki mbili hadi nne baadaye homa ya rumatiki inaibuka. Sababu ni kwamba baadhi ya protini za bakteria huyo zinafanana na zilizomo kwenye moyo, viungo na ubongo, hivyo kinga iliyotengenezwa kumshambulia huugeukia mwili wenyewe.

Makoo mengi yanayouma ni ya virusi, hasa yakiambatana na mafua na kikohozi. La kutilia shaka ni lile linaloanza ghafla, lenye homa, tezi za shingo zilizovimba na shida ya kumeza, bila kikohozi. Hilo lipelekwe zahanati. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, homa ya rumatiki huzuilika. Kukata kimeo, kunakoendelea mitaani hadi leo, hakumgusi bakteria. Huleta kutokwa na damu na maambukizi mapya.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema ndiyo au hapana. Madaktari hutumia vigezo vilivyowekwa na T. Duckett Jones mwaka 1944 na kurekebishwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2015: dalili kubwa mbili, au kubwa moja na ndogo mbili, pamoja na ushahidi kwamba streptokokasi alipita. Viungo kuvimba na moyo kuathirika ni dalili kubwa. Homa na vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini ni ndogo. Vivimbe visivyouma chini ya ngozi ni nadra, na miduara ya waridi kwenye ngozi nyeusi haionekani kirahisi. Tatizo jingine ni ile diklofenaki: ikimezwa mapema hutuliza viungo kabla daktari hajaviona.

Dalili inayowaponza watoto zaidi ni ya ubongo. Mwenye mwandiko mzuri anaanza kuparura daftari, kikombe kinamponyoka, uso unajikunja, analia bila sababu. Akilala, yote hutulia. Shuleni anaadhibiwa, mtaani wanasema ana mashetani. Hali hii huwapata zaidi wasichana, na inaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo kupona, vipimo vya damu vikiwa vimerudi kawaida.

Kwa upande wa moyo, marekebisho ya 2015 ya vigezo vya Jones yalikubali pia picha ya moyo ya eko kama ushahidi, maana vali inaweza kuvuja kidogo bila daktari kusikia chochote kwa kifaa cha masikioni.

Aliyeugua mara moja huugua tena kirahisi, na kila shambulio huongeza kovu. Kwa hiyo huchomwa benzathini penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Sindano hii inauma kweli, na mtoto anayejisikia mzima haoni kwa nini aipokee. Kaskazini mwa Uganda watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 ambao eko ilionyesha dalili za awali za kuharibika kwa vali. Kwa waliochomwa kila wiki 4, vali zilizidi kuharibika kwa watatu; kwa wasiochomwa, 33.